Maswali ya Wasomaji: Kaunta ya Nyumbani na Bourbon ya Familia

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, nazo nyingi zimetoka katika jimbo la Kentucky nchini Marekani. Wanaojua miji ya Lexington na Louisville hawatashangaa, kwa kuwa wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo na nchi jirani wameongezeka sana huko, na bourbon, wiski ya Marekani inayotokana hasa na mahindi, hutengenezwa mlangoni mwao.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Bukavu na sasa ninaishi Lexington. Tumenunua nyumba yenye chumba kikubwa cha chini, na kwa kuwa shemeji yangu ni seremala, tumekusudia kujenga humo kaunta ya baa yenye urefu wa futi 8 pamoja na rafu za chupa. Nimepata mapipa mawili yaliyokwisha kutumika kwa bourbon, nami ningependa yawe nguzo za kaunta hiyo. Siku za Jumapili tunakutana watu wazima saba au wanane, akiwemo baba mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tuanzie wapi, na ni vipimo gani ambavyo hatupaswi kuvikosea?

JIBU: Ndugu yetu wa Lexington, anzeni na viti, kisha maji, na rafu za chupa ziwe kazi ya mwisho kabisa. Wajenzi wengi wa baa za nyumbani hufanya kinyume chake: hupima ukuta, hukadiria chupa ngapi zitaenea, wakaja kugundua baada ya kupaka vanishi kwamba watu hawana mahali pa kuweka magoti.

Kaunta ya kukaliwa kwa stuli ndefu huwa na kimo cha inchi 42, yaani sentimita 107 hivi, na stuli inayolingana nayo ina kiti kilichoinuka inchi 30 kutoka sakafuni. Stuli nyingi zinazouzwa madukani ni fupi kuliko hizo, kwa sababu zimetengenezewa kaunta ya jikoni yenye kimo cha inchi 36, na anayezinunua bila kupima hujikuta kidevu chake kikikaribia ukingo wa bilauri. Ubao wa juu utokeze inchi 10 hivi upande wa wageni ili magoti yapate nafasi, na chini yake pawe na bomba au gogo la kuwekea miguu, inchi 7 hadi 9 kutoka sakafuni, kwa maana mtu aliyening'iniza miguu hatakaa nusu saa kabla ya kuanza kutafuta sofa. Upande wa anayehudumu acheni njia ya inchi 36, na kama patakuwa na jokofu dogo, pimeni mlango wake ukiwa wazi.

Sasa tufanye hesabu ya watu. Kila aketiye kwenye kaunta anahitaji upana wa inchi 24, kwa hiyo futi 8 zitawatosha watu wanne tu, nanyi mko saba au wanane. Ushauri wangu ni kwamba msiirefushe kaunta hiyo. Ikunjeni iwe na mkono wa pili, na mkono huo muushushe hadi kimo cha meza ya kawaida, inchi 30, ili uzungukwe na viti vya kawaida vyenye egemeo la mgongo. Najua seremala atanung'unika, kwa sababu maungio ya vimo viwili yanahitaji kazi zaidi na mbao zaidi, lakini mzee mwenye magoti mabovu hapandishwi stuli, wala si heshima kumwacha peke yake kwenye sofa huku wakwe zake wamempa mgongo. Hapo atakaa baba mkwe, na mtamzunguka, na anayehudumu atamfikia bila kuzunguka chumba kizima.

Baada ya viti, fikirieni maji, na kwanza yale msiyoyaita. Vyumba vya chini huwa na unyevu, na sakafu ya saruji inayoonekana kavu inaweza kuwa inapitisha mvuke usiku na mchana. Bandikeni sakafuni kipande cha plastiki angavu chenye upana wa futi mbili, mkizibe pande zote kwa utepe wa gundi, na mkitazame baada ya siku moja au mbili. Kikiwa na matone upande wa chini, shughulikieni unyevu huo kabla ya kununua ubao wowote. Hata sakafu ikiwa kavu, mbao zinazogusa saruji ziwe zile zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza.

Sinki ni jambo la kupimia faida na gharama. Ikiwa bomba kuu la maji taka limepita juu ya kiwango cha sakafu ya chumba hicho, maji ya sinki hayatatoka yenyewe na mtalazimika kununua pampu ya kuyasukuma juu, ambayo ina bei yake na kelele zake. Kama bajeti ni ndogo, mimi ningejenga kaunta kavu, nikaweka beseni la barafu na trei ya bilauri chafu, na kuliachia jiko kazi ya kuosha. Mkiamua kuweka sinki, soketi za umeme zilizo karibu nalo ziwe za aina inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Kazi ya mabomba na umeme huhitaji kibali cha mji mahali pengi nchini Marekani, na kibali hicho hutafutwa kabla ya kuta kufungwa.

Mapipa yenu yana sababu ya kupatikana kwa urahisi. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikae katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani mpaka vikatoa mkaa, kwa hiyo pipa likishamwagwa haliwezi kutumika tena kwa bourbon. Mengi huvuka bahari kwenda Scotland kuhifadhi wiski ya huko, mengine huenda Mexico kwa watengenezaji wa tequila, na baadhi huishia kwa watu kama ninyi. Pipa la kawaida hubeba lita 200 hivi na kimo chake ni karibu inchi 36, hivyo likisimama peke yake litakuwa fupi kuliko kaunta yenu. Lijengeeni jukwaa la mbao chini yake, wala msijaribu kuishusha kaunta ifuate pipa.

Yako mambo mawili zaidi kuhusu mapipa ambayo muuzaji huenda hakuwaambia. Pipa lililomwagwa karibuni lina mvuke wa pombe ndani yake, na mvuke huo hushika moto. Lisuuzeni kwa maji, liacheni wazi nje ya nyumba hadi harufu kali iishe, na msilisogezee msumeno wa umeme wala moto kabla ya hapo. Jambo la pili ni kwamba ubao wa pipa hukaa pamoja kwa sababu umelowa. Likikauka ndani ya nyumba yenye joto la majira ya baridi, mbao hunywea, pete za chuma huteleza, na siku moja mtalikuta limelala sakafuni vipande vipande. Toboeni kila pete mahali kadhaa na kuifunga kwa skrubu fupi kwenye mbao zake wakati pipa bado limekaza, kisha ndipo liwekwe chini ya mzigo. Mfuniko wake, wenye kipenyo cha inchi 21 hivi, hufaa sana kuwa kimeza cha pembeni.

Kuhusu ubao wa juu, mti wowote mgumu utafaa, mradi mbao zikae kwanza ndani ya chumba hicho kwa siku kadhaa zizoee hewa yake. Hatari iko kwenye rangi ya kumalizia. Sheleki, ile vanishi ya kale inayopendwa na mafundi wa samani kwa mng'ao wake, huyeyuka katika alkoholi, kwa hiyo bilauri moja ikimwagika itaacha alama isiyofutika kwa kitambaa. Tumieni poliyurethani, angalau mipako mitatu, kila mmoja ukipigwa msasa mwepesi kabla ya unaofuata, na muuache ukomae kwa muda wa kama mwezi mmoja kabla ya kuweka juu yake kitu chenye maji. Mwezi huo utawachosha. Utumieni kujenga rafu.

Rafu zenyewe ziwe mbali na dirisha na mbali na tundu la hewa ya joto, na chupa zisimame wima. Divai hulazwa ili koki isikauke, lakini pombe kali huila koki polepole inapogusana nayo.

SWALI: Mume wangu amejenga baa nyumbani kwetu Louisville, na kila Jumamosi ndugu zake huja. Mimi sinywi kwa sababu ya imani yangu, mama mkwe pia hanywi, na kijana wetu mkubwa ana miaka 17. Wakikutana, mimi na mama hujikuta jikoni mpaka saa sita za usiku. Sitaki kuvunja furaha yao, ila nataka kuwa sehemu yake. Tena mmoja wa shemeji zangu anasema hakuna ubaya kijana akionjeshwa. Nishauri.

JIBU: Dada, jikoni si mahali pako siku hiyo, na kosa liko kwenye baa yenyewe. Baa ya nyumbani isiyo na kinywaji cha asiyekunywa pombe imejengwa nusu, na mumeo anapaswa kuikamilisha.

Hapo Kentucky mna bahati ambayo wengi hawana. Katika mji wa Winchester, karibu na Lexington, hutengenezwa soda ya tangawizi iitwayo Ale-8-One, ambayo imekuwa ikiuzwa tangu mwaka 1926, na mtu aliyekulia kwenye tangawizi ataielewa mara moja. Iwekwe ndani ya jokofu la baa, mbele, isifichwe nyuma ya chupa nyingine. Kinywaji maarufu cha mashindano ya farasi ya Kentucky Derby, ambayo hufanyika mjini kwenu Jumamosi ya kwanza ya Mei na yalianza mwaka 1875, ni mint julep: nana, sukari, barafu iliyopondwa na bourbon. Ondoa bourbon, kamua ndimu, ongeza maji ya tangawizi uliyosaga mwenyewe, na utakuwa na bilauri inayopendeza machoni kuliko zote zilizo kaunta. Kama imani yako inakutaka vyombo visichanganywe, bilauri zenu ziwe za umbo au rangi nyingine na zioshwe kando, na jambo hilo lisemwe wazi mara moja ili usilazimike kuuliza kila wiki. Jihadhari pia na vile vitufe vya chokoleti vyenye bourbon, vinavyouzwa kote Kentucky: pombe yake haijapikwa, imo humo jinsi ilivyotiwa, kwa hiyo wewe, mama mkwe na watoto msipewe kwa kudhaniwa kuwa ni peremende tu.

Kuhusu kijana, mwambie shemeji yako hapana, tena mwambie mbele ya mumeo. Umri wa kisheria wa kunywa pombe Marekani ni miaka 21, na kijana wa miaka 17 haukaribii. Kabati la chupa liwe na kufuli. Seremala yeyote atalitia kwa muda mfupi. Mjue pia kwamba mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa hakina madhara kwa afya. Silisemi hilo ili kufunga baa ya mumeo. Nalisema kwa sababu vipimo vina maana. Toti moja ya kawaida kwa hesabu za Marekani ni mililita 44 za kinywaji chenye asilimia 40 ya alkoholi, na bilauri inayojazwa kwa jicho mara nyingi huwa na toti mbili au zaidi. Kikombe kidogo cha kupimia kiwekwe kaunta na kitumike bila mtu kuonekana bahili. Funguo za magari zikusanywe mwanzoni mwa jioni, wakati ambapo hakuna wa kubishana, na kwa kuwa wewe ndiye usiyekunywa, usikubali kufanywa dereva wa kudumu wa ukoo mzima.

SWALI: Nimeletewa na kaka yangu anayeishi Marekani chupa tatu za bourbon, nami nataka kuzionja pamoja na ndugu zangu hapa Nairobi. Moja ni Maker's Mark, ya pili ni Four Roses, na ya tatu imeandikwa kuwa ni bourbon iliyotiwa chupani chini ya ulinzi wa serikali, yenye prufu 100. Tofauti yake ni nini, na tuzionje vipi?

JIBU: Kaka yako amechagua vizuri. Kila bourbon lazima itokane na nafaka zisizopungua asilimia 51 za mahindi, kisha huongezwa kimea cha shayiri, na nafaka ya tatu ndiyo inayotofautisha chupa zako mbili za mwanzo. Maker's Mark hutumia ngano, ndiyo maana huwa laini na tamu mdomoni, ilhali Four Roses hutumia nafaka ya rai, ambayo huacha ukali wa viungo, mfano wa pilipili manga, kwenye ulimi. Maandishi ya chupa ya tatu yanatokana na sheria ya mwaka 1897, iliyopitishwa kwa sababu walanguzi wa wakati ule walikuwa wakiuza spiriti iliyotiwa rangi na vitu vingine vya hatari kwa jina la wiski. Kinywaji chenye alama hiyo lazima kiwe kimetengenezwa na kiwanda kimoja katika msimu mmoja, kimekaa ghalani chini ya usimamizi wa serikali kwa miaka isiyopungua 4, na kimetiwa chupani kikiwa na prufu 100, yaani asilimia 50 ya alkoholi.

Onjeni kwa kupanda, prufu ndogo kwanza na kubwa mwisho, kwani ukianza na iliyo kali, zile nyingine zitakuwa maji. Mililita 15 kwa kila mtu kwa kila chupa zinatosha. Nusa ukiwa umeachama kidogo, usizamishe pua ndani ya bilauri. Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni kabla ya kumeza, kisha ongeza matone machache ya maji na uonje tena, hasa ile ya prufu 100, ambayo hufunguka na kutoa harufu ya karameli na vanila kutoka kwenye mwaloni uliochomwa. Kila mmoja aseme anachokinusa kabla mtu hajasoma lebo kwa sauti. Watakaotaja muwa, asali ya nyuki wa msituni au ukoko wa ugali wamesema jambo la maana kuliko anayekariri maneno ya tangazo. Kuleni kwanza. Mbuzi choma inaelewana sana na chupa ya rai, na karanga zisizo na chumvi nyingi zinafaa katikati ya chupa na chupa.

SWALI: Naishi Dar es Salaam na nimeona dukani chupa iliyoandikwa "Kentucky Straight Bourbon Whiskey". Maneno hayo yananihakikishia nini? Na joto letu haliiharibu?

JIBU: Yanakuhakikishia mambo mengi. Mwaka 1964 Bunge la Marekani liliitambua bourbon kuwa zao mahususi la nchi hiyo, kwa hiyo wiski iliyotengenezwa nchi nyingine haistahili jina hilo. Neno la kwanza linaonyesha jimbo. Neno "straight" lina maana kwamba imekaa katika pipa jipya la mwaloni uliochomwa kwa miaka isiyopungua 2, na ikiwa lebo haitaji umri wowote, basi imefikisha angalau 4. Haikutiwa rangi wala ladha. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji tu. Chupa inayotangaza asali au tufaha ni kinywaji kingine kilichoongezwa ladha, hata kama jina la kiwanda ni lilelile. Hapo Tanzania kagua pia stempu ya kodi kwenye kizibo kabla ya kulipa.

Joto la Dar haliigeuzi chupa iliyofungwa kwa wiki chache, lakini jua la dirishani huifanya ipauke na kupoteza harufu. Kabati la ndani lenye giza linatosha, na jokofu halihitajiki. Usiifiche miaka 10 ukitarajia ikomae, kwa maana ukomavu husimama siku inapotoka pipani. Chupa iliyokwisha funguliwa hufifia kadiri hewa inavyozidi ndani yake, hivyo ikibaki theluthi moja, ihamishie kwenye chupa ndogo au waite jirani.

SWALI: Kwetu Kivu bibi alikuwa akipika lutuku, pombe kali ya kienyeji ya mahindi na mihogo. Sasa niko Kentucky, nimejenga baa, na nimenunua pipa dogo la lita 5. Je, naweza kukeneka pombe yangu mwenyewe na kuilaza humo?

JIBU: Kukeneka, hapana. Sheria ya shirikisho la Marekani inataka kibali cha kutengeneza spiriti, na kibali hicho hakitolewi kwa ajili ya matumizi ya nyumbani, hata kama huuzi tone. Kuna pia hatari ya moto, kwa sababu mvuke unaotoka kwenye chungu huwaka, na chumba cha chini hakina pa kuutolea. Ukianza kuwatoza wageni fedha kwa kinywaji cha aina yoyote, hata kilichonunuliwa dukani, hayo ni mauzo na yanahitaji leseni.

Pipa lako litumie kwa njia nyingine. Nunua spiriti ya mahindi isiyokomazwa, inayouzwa kihalali dukani, uimimine humo. Kwanza lijaze maji ya moto na uliache siku kadhaa mpaka mbao zivimbe na uvujaji ukome. Kwa kuwa pipa dogo lina ubao mwingi kwa kila lita kuliko lile la lita 200, kinywaji hupata rangi upesi na huweza kugeuka kichungu kwa kuzidiwa na mti, kwa hiyo chota kijiko kimoja kila wiki na ukimwage chote kwenye chupa za kioo mara ladha inapokupendeza. Pipa likibaki tupu, lirudishie maji siku hiyohiyo, la sivyo litakauka na kuvuja upya.